Upinde wa Gari la Wazi: Kinga au Pambo?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengi wetu tumeutumia msemo huo darasani tukiwaonya vijana dhidi ya marafiki wenye maneno matamu, au tukiwatahadharisha wasichague mchumba kwa sura. Leo nauleta mbele yenu, walimu wenzangu na wanafunzi, kwa jambo ambalo huenda likawashangaza. Nauzungumzia ule upinde wa chuma unaofungwa nyuma ya viti vya gari dogo la mbio lisilo na paa gumu, upinde ambao mafundi huuita rolibaa. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuwalinda waliomo ndani gari linapobingirika. Hata hivyo, zipo pinde si haba ambazo haziwezi kabisa kuifanya kazi hiyo. Zinang'aa, zinapendeza, zinapigwa picha. Lakini siku ya siku zitalala chini kama bua la mahindi lililopigwa na mvua ya mawe.

Najua yupo atakayeuliza: jambo hili latuhusu nini sisi tunaosafiri kwa matatu? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa njia mbili. Kwanza, ndani ya upinde huo mmoja mna somo zima la fizikia na hisabati ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulielewa bila ya maabara. Pili, tofauti kati ya kinga na pambo haiko katika magari ya wenye pesa pekee. Iko katika pikapu zetu na katika mabasi yetu, na huko imewagharimu wengi uhai.

Magari ninayoyazungumzia yana historia yake. MGB la Uingereza liliundwa kuanzia mwaka wa 1962 hadi 1980, na zaidi ya nusu milioni yakatoka kiwandani, yenye paa na yasiyo na paa. Alfa Romeo Spider la Italia lilizinduliwa mwaka wa 1966. Mazda MX-5 la Japani lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mnamo Februari 1989, na yale ya mwanzo sasa yamekwisha kuingia katika hesabu ya magari ya kale yanayotunzwa kwa mapenzi. Hapa kwetu, magari ya aina hii huonekana katika maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970 na ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Mtu hulipaka gari nta mpaka akaweza kujitazama usoni mwake.

Lakini juu ya kichwa cha dereva wa gari kama hilo pana nini? Pana turubai, au pana mawingu. Fremu ya kioo cha mbele cha MGB ni ya alumini, na iliundwa kushika kioo wala si kubeba gari. Hata lile paa gumu la kubandikwa, ambalo wengine hulinunua kwa ajili ya majira ya mvua, aghalabu ni ganda la kuzuia maji na baridi tu. Gari likipinduka, vichwa vya watu ndivyo vinavyokuwa nguzo.

Waundaji wa magari hawakuwa vipofu wa jambo hili. Katika miaka ya sitini, hofu ilienea kwamba serikali ya Marekani ingepiga marufuku magari ya wazi kwa sababu ya hatari hiyo. Mwaka wa 1965 kampuni ya Porsche ikatangaza gari aina ya 911 Targa, lenye upinde mpana wa chuma nyuma ya viti. Mwaka wa 1970 Waingereza wakaleta Triumph Stag lenye upinde uliounganishwa na fremu ya kioo cha mbele. Volkswagen nao walipotoa Golf la wazi mwaka wa 1979, walilitia upinde ulioonekana waziwazi, na Wajerumani wakalitania kwa kuliita kikapu cha stroberi, kwa vile upinde ule ulifanana na mkono wa kikapu. Marufuku yenyewe haikuja. Hata hivyo, hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba Cadillac Eldorado la mwaka wa 1976 lilitangazwa kuwa gari la wazi la mwisho la Marekani, ilhali miaka michache baadaye magari hayo yalirudi sokoni. Mwaka wa 1989 Mercedes-Benz wakatoa gari la SL ambalo upinde wake hulala umejificha, kisha huinuka wenyewe kwa muda wa thuluthi moja hivi ya sekunde gari linapoanza kupinduka.

Basi, aliye na gari jipya amefikiriwa na kiwanda. Aliye na gari la kale lazima ajifikirie mwenyewe. Na hapo ndipo shida huanza, kwa maana soko la vipuri halimwambii mnunuzi ni upinde upi wa kuokoa na upi wa kupamba. Vyote viwili hupangwa kwenye rafu moja.

Jamaa yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinunua MGB lililofufuliwa kwa kazi ya miaka mingi. Kwa kuwa nimefundisha fizikia, aliniomba tufuatane naye hadi karakana moja jijini Nairobi kuchagua upinde. Alikwisha kuupenda mmoja: mabomba mawili yaliyopinda nyuma ya kila kiti, yamepakwa kromu, yanametameta kama fedha ya bibi harusi.

"Mwalimu, huu si umefaa?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, fundi, kijana mwenye adabu na mikono iliyojaa grisi, alitangulia. "Samahani, Mzee," akasema, "huo ni wa urembo. Mimi nitakufungia ukitaka, lakini sitaki uje kunilaumu."

Nilimheshimu sana kijana yule. Angeweza kunyamaza akapokea pesa. Badala yake alitueleza, na yale aliyotueleza yalikuwa yale yale ambayo ningeyaandika ubaoni. Nayapanga hapa moja baada ya jingine.

La kwanza ni kimo. Dereva na aketi kitini kama anavyoketi kila siku, afunge mshipi, kisha watu wawili washike fito iliyonyooka, hata mpini wa ufagio utafaa, na kuilaza kutoka kilele cha upinde hadi ukingo wa juu wa fremu ya kioo cha mbele. Kichwa lazima kiwe chini ya fito hiyo, na kati yao pawe na nafasi ya sentimita tano angaa. Gari lililopinduka hulala juu ya mstari huo. Kichwa kilichouvuka ndicho kitakachogusa lami. Katika gari ambalo fremu yake ya mbele ni dhaifu, kama lile la jamaa yangu, ni busara upinde upande juu zaidi, maana fremu ile huenda isiwepo gari litakapotulia. Ule upinde wa kromu ulimfikia jamaa yangu mabegani. Hatukuhitaji kuilaza fito.

Hapa pana kikwazo ambacho watu warefu wanakijua vizuri. Upinde unaotosha chini ya turubai lililofungwa mara nyingine huwa mfupi kuliko kichwa cha mwenye gari. Suluhisho si kufumba macho na kuomba Mungu. Suluhisho ni kukishusha kiti, kwa kupunguza sponji ya kalio au kubadilisha reli zake, au kukubali upinde mrefu zaidi na kuacha kulifunga turubai.

La pili ni chuma chenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, katika kanuni zake za magari ya mashindano, hutaka upinde mkuu uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Bomba la maji halifai. Bomba la ekzosi halifai. Bomba la kuundia viti na meza za shule halifai hata kidogo. Mwanafunzi atauliza: kwa nini bomba tupu ndani, wala si nondo nzima? Jibu lake ni zuri. Ugumu wa bomba jembamba la ukuta dhidi ya kupindwa hukua kwa haraka mno kipenyo kinapoongezeka. Ukiongeza kipenyo mara mbili huku unene wa ukuta ukibaki vile vile, uzito huongezeka mara mbili, lakini ugumu huongezeka mara nane hivi. Mwanzi umelijua jambo hili tangu azali.

La tatu ni kupinda. Upinde mkuu uwe wa bomba moja lisilokatwa na kuungwa, na upindwe likiwa baridi, kwa mkunjo mpana. Kanuni hizo za FIA hutaka nusu kipenyo cha mkunjo isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Ukiona bomba limebonyea au limefanya makunyanzi mahali pa mkunjo, basi hapo ndipo litakapovunjikia. Pitisha kidole, kidole hakidanganyi.

La nne ni mihimili ya nyuma. Hili ndilo watu hulisahau kuliko yote. Gari halibingiriki kwa adabu, likashuka wima juu ya upinde. Huja kwa ubavu, huja likiteleza, huja likitangulia pua. Kwa miaka mingi, kipimo cha wahandisi wa mbio kilikuwa kwamba upinde ustahimili kutoka juu nguvu ya mara 7.5 ya uzito wa gari, mbele na nyuma mara 5.5, na ubavuni mara 1.5. Kwa gari la tani moja, hiyo ni tani saba na nusu kutoka juu na tani tano na nusu za kuusukuma upinde uangukie nyuma. Upinde uliosimama peke yake, hata ukiwa mnene, utakunjika miguuni kama mlango kwenye bawaba. Ndiyo maana huhitaji mihimili miwili ya kuushika kwa nyuma, ikilala kwa pembe ya nyuzi 30 au zaidi kutoka wima, na mhimili mwingine wa kukingama kati ya miguu yake.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulionyesha jambo hili kwa dakika tano. Mpe mwanafunzi vijiti vinne na misumari minne, aunde mstatili, kisha ausukume pembeni. Utalala. Mwambie aongeze kijiti kimoja cha kukingama kutoka pembe hadi pembe. Hautalala tena. Pembetatu haibadiliki umbo pasipo kuvunjika kwa mmoja wa pande zake. Wajenzi wa mapaa ya nyumba zetu wanalijua hili. Ajabu ni kwamba baadhi ya waunda pinde wanalisahau.

La tano ni miguu. Bomba la kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, ukilikata na kulitazama kwa mwisho wake, lina chuma cha eneo la sentimita mraba tatu na kitu tu. Liwekwe moja kwa moja juu ya bati la sakafu ya gari, nalo litatoboa bati hilo kama kisigino chembamba cha kiatu kinavyotoboa ardhi iliyolowa. FIA hutaka kila mguu wa upinde mkuu uimarishwe kwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120 angaa, na ufungwe kwa bolti tatu au zaidi za chuma kigumu. Bamba hilo hupunguza shinikizo zaidi ya mara thelathini. Shinikizo ni nguvu ikigawanywa kwa eneo: kanuni ile ile tuliyoikariri sote kidato cha kwanza, sasa imekuwa suala la uhai na mauti.

Tena kuna kutu. Magari haya ni makongwe, na sakafu zake nyingi zimeliwa kwa ndani huku rangi ikiwa safi kwa nje. Upinde bora uliofungwa kwenye sakafu iliyooza ni sawa na nyumba ya mawe iliyojengwa juu ya mchanga. Fundi yule alichukua bisibisi akaichoma sakafu ya gari la jamaa yangu mahali ambapo miguu ingekaa. Upande wa kulia bisibisi iligonga chuma. Upande wa kushoto ilizama. Ikabidi sakafu itengenezwe kwanza, na upinde ukangoja wiki tatu.

La sita, na hili halina mzaha, ni kwamba upinde wenyewe unaweza kuua. Katika mashindano, dereva huvaa helmeti. Barabarani, kichwa kiko wazi. Gari likigongwa kwa nyuma, kichwa hurudi kwa kishindo, na chuma kikiwa karibu na kisogo, yule aliyefunga upinde ili umwokoe siku ya kupinduka ataumizwa nao siku ya mgongano mdogo wa kawaida. Kwa sababu hiyo, mabomba ya kuzunguka mbele ya dereva, yale ya magari ya mashindano, hayafai kwa mtu anayekwenda dukani bila helmeti. Na mahali ambapo kichwa kinaweza kufika pavishwe sponji ngumu iliyoundwa kwa kazi hiyo. Ile laini ya kufunikia mabomba ya maji hubonyea kama maandazi, kichwa kikakutana na chuma kana kwamba hapakuwa na kitu.

La saba ni mshipi wa usalama. Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo aliutoa mshipi wa pointi tatu mwaka wa 1959, na hadi leo sijui uvumbuzi mdogo ulioleta faida kubwa zaidi barabarani. Upinde huhifadhi nafasi ya kuishi. Mshipi humweka mtu ndani ya nafasi hiyo. Kimoja bila kingine ni kazi bure. Asiyejifunga hurushwa nje, na upinde humwokoa kiti chake. Naye anayejifunga mishipi ya mbio ya mabega mawili bila upinde amejifunga wima, kichwa juu, akingoja paa lisilokuwepo.

Wapo wanaopinga. Wapenzi wa magari ya kale husema kwamba upinde huharibu sura ya asili, na gari hupoteza thamani. Nawaelewa; mimi pia huvutiwa na mstari wa gari uliochorwa na msanii. Lakini upinde wa kufungwa kwa bolti unaweza kuondolewa, ukaacha matundu machache tu, na uzito wake haufiki ule wa mfuko mmoja wa saruji. Wengine husema: mimi huendesha polepole. Naam, na yule anayekuja mbele yako je? Barabara si ya mtu mmoja. Tahadhari kabla ya hatari haikusemwa kwa ajili ya wazembe pekee. Ilisemwa kwa ajili ya waangalifu pia.

Sasa tulitazame jambo hili hapa nyumbani. Nchi yetu imekuwa na mbio za Safari tangu mwaka wa 1953, na tangu 2003 pana mbio za Safari za magari ya kale. Hakuna dereva anayeruhusiwa kuanza mbio hizo bila fremu ya chuma ndani ya gari lake, iliyokaguliwa. Tumeshuhudia magari yakibingirika vumbini, kisha watu wawili wakatoka wakijipangusa. Tunapiga makofi, tukidhani ni bahati. La hasha! Ni hesabu.

Lakini tazama pikapu zinazopita mjini na mashambani. Nyingi zina upinde wa kromu nyuma ya kichwa cha gari, umefungwa kwenye bati la karai kwa bolti nne ndogo, bila bamba, bila mhimili. Nyuma yake wameketi vibarua, au wanafunzi waliopewa lifti, wakiushika kwa mikono wakiamini kuwa ni kinga. Ni pambo. Anayewabeba anajua, au alipaswa kujua.

Na mnamo Oktoba 2018 huko Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, basi la abiria lilipoteza mwelekeo, likabingirika, na paa lake likang'oka. Zaidi ya watu 50 walifariki. Sitaki kutumia msiba wa watu kupamba makala. Nasema tu kwamba paa la basi ni upinde wa watu sitini, na sheria zilezile za nguvu, eneo na pembetatu hulitawala. Nchi hii ina viwango vilivyoandikwa kuhusu ujenzi wa mabodi ya magari ya abiria. Kiwango kilichoandikwa, lakini kisichopimwa kwa fito na bisibisi, ni mkakasi mwingine tu.

Kwa hivyo nina ombi kwa kila mmoja wenu. Mwalimu, unapofundisha shinikizo na mihimili, waondoe wanafunzi darasani, uwapeleke kwenye gari lililoegeshwa uani. Waache waguse, wapime, waulize bolti zimeingia wapi. Mwanafunzi, utakapokuwa fundi, kumbuka yule kijana mwenye grisi mikononi aliyemwambia mteja ukweli kabla ya kupokea pesa. Nawe utakayekuwa mnunuzi, wa gari la wazi au wa basi la shule, usiulize kwanza chuma kinang'aa kiasi gani. Uliza kimesimama juu ya nini.